Kalasinga aliyetaka kuli, fundi na karani wakae chama kimoja

Jumapili tarehe 23 Aprili 1950, pale Kaloleni Nairobi, kulikuwa na mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na East African Indian National Congress, na katika huo mkutano akasimama Kalasinga mmoja wa miaka 36, kilemba kichwani, akasema nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, wenyewe wajitawale, na sio kesho kutwa wala wakishakomaa, sasa hivi. Jina lake Makhan Singh. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba waongezewe viti kwenye baraza la kutunga sheria na kuandika barua za heshima kwenda London, yeye akaliweka neno lenyewe mezani na mkutano ukalipitisha. Siku 22 baadaye polisi wakamchukua. Kutoka alitoka Oktoba 1961.

Watu wakimtaja, mara chache wanapomtaja, humtaja kwa hiyo siku ya Kaloleni. Mimi naona Kaloleni ilikuwa matokeo tu. Kilichofanya serikali imuogope kilianza miaka kumi na tano kabla, kwenye chama cha mafundi, na ndo hicho nataka tukiongee leo.

Nimefanya vibarua Industrial Area, viwandani Nairobi, ile ya kufika getini saa kumi na mbili asubuhi mkiwa umati, supavaiza anatoka ananyoosha kidole, wewe, wewe, na wewe wa shati nyekundu, waliobaki rudini kesho. Na kitu nilichokuwa nasikia kila siku kwenye hiyo foleni ni kwamba muhindi ni muhindi, hajawahi kuwa upande wa mfanyakazi na hatawahi. Naelewa maneno hayo yanatoka wapi, manake ukiwa umebeba magunia kutwa nzima na anaekulipa kidogo ndo huyo, huna nafasi ya kutofautisha. Lakini kila nikisikia hivo roho inaniuma, kwa sababu chama cha kwanza hapa Kenya kilichofungua mlango kwa wafanyakazi wa rangi zote kiliongozwa na muhindi, fundi wa presi ya kuchapa, na alilipa kwa karibu robo ya maisha yake.

Turudi nyuma kidogo. Reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na Waingereza walileta watu kama elfu 32 kutoka India kuja kuijenga. Karibu 2,500 walikufa hapa hapa, na wengi waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipoisha. Hao walikuwa wafanyakazi jamani. Makuli, mafundi chuma, maseremala, watu wa kupiga nyundo juani kule Taru na Tsavo. Duka na utajiri ni hadithi nyingine, ya watu wengine. Alafu mkoloni akapanga kazi kwa ngozi: mshahara wa mzungu juu, wa muhindi katikati, wa mwafrika chini kabisa, hata kama wawili wanafanya kazi ile ile kwenye karakana ile ile ya reli. Na mwafrika akaongezewa kipande, kile cheti cha kuvaa shingoni ndani ya kijibati, chenye jina lako, alama za vidole na mwajiri wako, ukiacha kazi bila bwana kutia sahihi wewe ni mhalifu unaetafutwa.

Huo mpango wa ngazi tatu ulikuwa na akili mbaya sana. Muhindi alikuwa na kitu kidogo cha kupoteza kwa hiyo alikuwa anamwangalia mwafrika kwa wasiwasi, mwafrika anamuona muhindi ndo amemkalia kichwani manake ndo aliye karibu nae, na mzungu wa juu kabisa hamwoni mtu. Wa kwanza kuugusa huu mpango alikuwa Harry Thuku, opareta wa simu serikalini, alipoanza kupiga kelele kuhusu kipande na kuhusu masetla kukata mishahara kwa thuluthi mwaka 1921. Na nani alimsaidia kuchapa karatasi zake? M. A. Desai, muhindi mwenye gazeti Nairobi. Thuku alikamatwa Machi 1922, watu wakajaa nje ya kituo cha polisi kumdai, Mary Muthoni Nyanjiru akawatolea wanaume maneno ya kuwatia aibu ili wasirudi nyuma, na polisi wakapiga risasi. Serikali yenyewe ilikubali wafu 21, waliokuwepo wakasema ni zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu. Kwa hiyo wakati Makhan Singh anafika Kenya mwaka 1927, kijana wa miaka kumi na tatu kutoka Gharjakh, wilaya ya Gujranwala huko Punjab, hiyo damu ilikuwa na miaka mitano tu.

Baba yake, Sudh Singh, alitangulia kuja kama seremala wa reli na baadae akafungua presi Nairobi. Makhan alimaliza shule 1931, akili nyingi, kichwa cha hesabu, na mshairi pia wa Kipunjabi, lakini pesa za kuendelea na masomo hazikuwepo, akaingia kazini kwenye presi ya baba. Nadhani kazi ya presi ilimsaidia sana baadae manake mtu wa presi anajua nguvu ya karatasi moja ikisambazwa kwa watu elfu.

Mwaka 1935 mafundi wa kihindi Nairobi walikuwa na chama kichanga, Indian Trade Union, wakamfanya katibu. Kazi ya katibu ilikuwa bila mshahara. Hakumaliza muda mrefu kabla hawajabadilisha jina, likawa Labour Trade Union of Kenya, neno Indian likaondolewa na mlango ukawa wazi kwa mfanyakazi yeyote, wa rangi yoyote na dini yoyote. Sasa fikiria hilo jambo kwa macho ya 1935. Hospitali zimegawanywa, shule zimegawanywa, mabehewa ya treni yamegawanywa, hata choo, alafu kijana wa miaka 21 anasema chama cha wafanyakazi hakina mgawanyo. Waafrika hawakumiminika siku hiyo hiyo, tusidanganyane, wanachama wengi waliendelea kuwa mafundi wa kihindi kwa muda. Lakini vikaratasi vya chama vikaanza kutoka kwa Kiswahili pamoja na lugha za kihindi, na mlango ukishakuwa wazi hakuna anaeweza kusema hakuona pa kuingilia.

1936 chama kikawapa waajiri notisi kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba siku ya kazi ni masaa nane. Hawakupeleka ombi kwa gavana, waliwaambia tu kwamba kuanzia siku hiyo mafundi watafanya masaa nane, basi. Waajiri wengi wakakubali. Mwaka uliofuata, 1937, wakadai mishahara, waajiri wakagoma kutoa, mafundi wa Nairobi nao wakaweka vifaa chini kwa siku 62. Miezi miwili bila mshahara, una familia, una kodi ya nyumba, na mwenye kazi anajua kabisa kwamba una familia na kodi ya nyumba, ndo silaha yake hiyo. Walisimama mpaka mwisho wakapata nyongeza, na waliogoma wakarudishwa kazini. Huo ushindi ndo uliolazimisha serikali kukitambua chama na kukisajili chini ya sheria mpya ya mwaka huo huo. Kikajiita Labour Trade Union of East Africa, manake watu wa Uganda na Tanganyika nao walikuwa wanataka kuingia.

Julai 1939 chama kikafanya mkutano mkuu na viongozi wa kiafrika wakakaa humo, akiwemo Jesse Kariuki wa Kikuyu Central Association. Mwezi huo huo wa saba Mombasa ikalipuka, wakianza wafanyakazi wa serikali wa kazi za barabara na majengo kisha bandari na wengine, maelfu, shida kubwa ikiwa ni kodi ya nyumba. Serikali ikaona mkono wa Makhan Singh hata pale ambapo njaa ilitosha kueleza kila kitu. Waajiri wakatoa shilingi chache za kodi ya nyumba ili watu warudi, na tume ikaundwa kuchunguza. Tume kila mara.

Mwisho wa 1939 akasafiri kwenda India, akitaka pia kujifunza jinsi vyama vya kule vinavyoendeshwa. Kule nako ni Waingereza wale wale, wakamkamata 1940, wakamweka ndani bila kesi zaidi ya miaka miwili, kisha wakamfungia kijijini kwao mpaka 1945. Akarudi Kenya Agosti 1947.

Na sasa lazima nisimame Mombasa, manake wakati yuko nje watu wa pwani na wa bara waliokuja pwani walifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote kwenye historia ya wafanyakazi wa nchi hii. Vita vimeisha 1945, askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wamerudi kutoka Burma wameona dunia, bei ya unga na nguo imepanda, mshahara umekaa pale pale, vyumba vya mtaa wa Majengo vimebanana. Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ikasimama. Bandari, reli, mahoteli, wapishi na mayaya wa majumbani, kama watu elfu 15. Meli zimekaa gatini hakuna wa kushusha mzigo. Wazungu wanajipikia wenyewe. Na hao elfu 15 hawakuwa wa kabila moja, kulikuwa na Waswahili na Wamijikenda, Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, waliolala chumba kimoja bila ndugu.

Walikuwa wanakutana kwenye uwanja walioubatiza wenyewe Kiwanja cha Maskini. Kila siku, umati, hotuba, habari zinatangazwa. Hapo hapo wakaunda chama, African Workers' Federation, na kijana mmoja msomi wa Alliance kutoka Kiambu, Chege Kibachia, aliyekuja Mombasa kutafuta maisha akaajiriwa kwenye kampuni ya nguo, akawa kiongozi wao. Katika madai yao kulikuwa na hili la malipo sawa kwa kazi sawa. Yaani kuli wa 1947 aliyelala kwenye mkeka alishaelewa kwamba shida sio shilingi tano za kuongezwa, shida ni ule mpangilio wenyewe wa ngazi tatu.

Mgomo ulienda siku kumi na mbili. Serikali ikautangaza haramu, ikaleta askari, na mwisho ikamleta Eliud Mathu, mwafrika wa kwanza kwenye baraza la kutunga sheria, akawaomba watu warudi kazini malalamiko yao yatasikilizwa, wakarudi. Ikaundwa mahakama maalum ya kuamua mishahara chini ya Jaji Thacker, nyongeza ikatoka. Huyo Thacker weka jina lake akilini, ndo huyo huyo aliyekuja kumhukumu Kenyatta Kapenguria.

Kibachia hakuridhika na Mombasa peke yake. Akaanza kwenda bara, Nairobi, kutaka chama kiwe cha Kenya nzima. Kosa lake mbele ya serikali likawa hilo. Mgomo wa mji mmoja wangeweza kuumeza, lakini chama kimoja kutoka bandari ya Kilindini mpaka Kisumu hapana. Agosti 1947 wakamkamata, wakampeleka Kabarnet, Baringo, akakaa kule miaka kumi. Miaka kumi, kijana wa ishirini na kitu, kwa sababu ya kuomba wafanyakazi wawe na chama kimoja. Mwezi uliofuata, Septemba, kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands huko Limuru, wafanyakazi waligoma, polisi wakafyatua risasi na watu watatu wakafa. Wakati huo huo serikali ilikuwa imeshamleta Mskoti mmoja, James Patrick, mtu wa vyama vya wafanyakazi kwao, kazi yake kuwafundisha Waafrika vyama vya adabu, kila kazi na kachama kake kadogo, kisiguse siasa, kisiungane na kingine. Mkiwa vipande vipande mnaruhusiwa.

Kwa hiyo Makhan Singh anashuka Mombasa Agosti hiyo hiyo ya 1947, mwezi ambao Kibachia anachukuliwa. Serikali ikajaribu kumfukuza nchini, ati ni mhamiaji asiyetakiwa, mtu aliyekulia Nairobi. Akakataa kuondoka, wakashtakiana, korti ikaona ana haki ya kukaa. Akaendelea na kazi.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda East African Trade Unions Congress, Kubai rais, Makhan Singh katibu mkuu. Kubai alikuwa mtu wa telegrafu wa posta aliyeacha kazi akaingia kupanga madereva wa teksi na wa malori. Ndani ya hilo shirikisho kulikuwa na madereva, washona nguo, wachapaji, washona viatu, wafanyakazi wa mahoteli na wa majumbani. Baadae Bildad Kaggia na makarani wake wakawa upande huo huo. Yaani dereva Mkikuyu, fundi viatu muhindi na boi wa jikoni kutoka Nyanza kwenye kikao kimoja, ajenda moja, na lugha ya kuwaunganisha ni Kiswahili. Serikali ikakataa kuwasajili. Wakaendelea hivo hivo bila cheti.

Machi 30, 1950 Nairobi ikafanywa jiji, Duke wa Gloucester akaja na hati ya mfalme, sherehe, bendera, farasi. Shirikisho likawaambia wafanyakazi wasiende. Hoja yao ilikuwa kwamba kuna Nairobi mbili, ya matajiri na ya maskini, na hiyo ya maskini haina cha kusherehekea. Na watu wa Kiambu walikuwa wanaogopa jiji litapanuka limeze mashamba yao. Ukiishi Nairobi ya leo, ukalala kwenye mabanda ya Mukuru ukafanya kazi Karen kwa matajiri, hilo neno la Nairobi mbili hauhitaji kutafsiriwa.

Mwezi mmoja baadae ndo ile Kaloleni. Tarehe 15 Mei 1950 wakamkamata yeye na Kubai pamoja, na kesho yake Nairobi ikagoma. Mgomo wa karibu siku kumi, magari ya deraya mtaani, mabomu ya machozi, mamia wakakamatwa. Madai yao yalikuwa wawili hao waachiliwe, na Kibachia pia aachiliwe kule Kabarnet, kima cha chini kiwe shilingi mia kwa mwezi, na zile sheria za kuwabana madereva wa teksi ziondolewe. Hebu angalia hapo vizuri. Wafanyakazi wengi wao waafrika, mjini Nairobi, 1950, wanakula teargesi na wanapoteza kazi wakidai Kalasinga atolewe. Na hawakumsahau kijana wa Mombasa aliyekuwa na miaka mitatu porini. Hiyo ndo sababu nikisikia mtu anasema makabila na rangi haziwezi kukaa pamoja kwenye chama nasema zilishakaa, tena wakati mbaya kuliko huu.

Makhan Singh akapelekwa kortini Nyeri. Hakujificha. Alisema wazi kwamba yeye ni mkomunisti, na kwamba serikali ya Kiingereza haina haki ya kuitawala nchi hii, nchi ni ya watu wake. Wakampeleka Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, karibu na mipaka ya Sudan (leo Sudan Kusini) na Ethiopia, joto la kuua, hakuna mtu wa kuongea nae lugha yake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 yeye tayari ana zaidi ya miaka miwili ndani. Wale sita wa Kapenguria, Kenyatta na wenzake watano, walipohukumiwa na kuletwa Lokitaung 1953, yeye akahamishiwa Maralal. Na kati ya hao sita wawili walikuwa wenzake wa vyama, Kubai na Kaggia. Hapo unaona kwamba siasa ya uhuru ilipata watu wake wagumu kutoka kwa wafanyakazi wa Nairobi, sio kutoka kwa machifu na wasomi peke yao.

Aliambiwa anaweza kuwa huru akikubali kuondoka aende India. Akakataa. Mke na watoto wako Nairobi, wanakua bila yeye, na mlango uko wazi, sahihi moja tu, na anasema hapana, hapa ndo kwetu. Kila nikifika hapo kwenye maisha yake nabaki kimya kidogo. Mimi nimewahi kuona watu wakisaini karatasi za kujitoa kwenye yunioni kwa sababu meneja amewaahidi kontrakti ya mwaka mzima, na siwalaumu hata kidogo, watoto wanakula. Ndo maana nasema yule mtu alikuwa wa aina nyingine.

Aliachiliwa miezi miwili hivi baada ya Kenyatta. Ukijumlisha na ile ya India ni kama miaka 16 ya kufungiwa, na hakuwahi kushtakiwa kwa kuiba wala kumpiga mtu.

Katikati hapo Tom Mboya alikuwa ameibeba bendera. Baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, ambapo maelfu ya watu walisombwa Nairobi, viongozi wengi wa vyama walikuwa kizuizini, na Mboya, kijana aliyekuwa inspekta wa afya wa halmashauri ya Nairobi na aliyeshika shirikisho la vyama vilivyosajiliwa tangu 1953, akabaki nalo, Machi 1955 akaenda Mombasa makuli walipogoma na wakatoka na nyongeza ya theluthi. Mtu hodari sana, hilo sibishani na mtu. Lakini shirikisho lake lilikuwa na marafiki Marekani, jumba la Solidarity lilijengwa kwa msaada wa vyama vya kule, na dunia ya wakati huo ilikuwa imegawanyika, mkomunisti wa Lokitaung hakuwa na nafasi humo. Mboya ana barabara na sanamu katikati ya jiji, na anastahili. Makhan Singh alirudi uraiani akajiunga na KANU, akataka kurudi kwenye kazi ya vyama, hakupewa nafasi. Hakuna wadhifa alioupata kwenye serikali ya uhuru alioudai Kaloleni kabla ya wengi wao. Pio Gama Pinto, mwanasiasa Mkenya wa asili ya Goa aliyesaidia kushika kazi za shirikisho la Kubai na Makhan Singh baada ya wao kukamatwa, aliuawa kwa risasi Februari 1965. Kaggia akatupwa upinzani. Mwaka huo huo wa 1965 vyama vyote vikawekwa chini ya shirikisho moja, COTU, na rais wa nchi akiwa na kauli juu ya nani atakuwa katibu mkuu.

Sina haja ya kulaumu marehemu. Ila naona wazi kwamba serikali mbili, ya mzungu na ya mwafrika, ziliogopa kitu kile kile.

Na yeye alifanya nini akiwa pembeni? Akaandika. Alikuwa ameweka kila karatasi, barua, kikaratasi cha mgomo, muhtasari wa kikao, na akatoa historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya mpaka 1952, kitabu kilichotoka 1969. Ukikisoma utashangaa manake yeye mwenyewe humo ndani anajitaja kwa mbali kama mtu mwingine, lakini ametaja majina mengi ya watu wadogo, wajumbe wa kamati, waliokamatwa. Alifariki Mei 1973, miaka 59. Makaratasi yake yako Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sasa mimi nasema hivi kwa wale wa leo, wa viwanda vya EPZ vya kuuza nje, wa mashamba ya maua Naivasha, wa godauni, wa kuendesha boda kwa apu, wa kuhariri picha za kampuni za ng'ambo kwenye kompyuta usiku. Katiba ya 2010 kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuingia chama na haki ya kugoma, hiyo haki haikuwepo kwa Kibachia. Lakini ule ujanja wa James Patrick bado upo na unafanya kazi vizuri sana. Mko kiwanda kimoja lakini hawa ni wa kampuni yenyewe, hawa wa kontrakta, hawa wa eijensi, hawa vibarua wa siku, na kila kundi linaambiwa lile lingine ndo linaharibu. Wa kudumu anamuogopa kibarua atachukua nafasi yake, kibarua anamuona wa kudumu anaringa. Nimekaa kwenye hiyo foleni nimeyasikia. Ngazi zimebadilishwa majina tu, ngozi imetolewa pakawekwa aina ya kontrakti. Na mayunioni yetu mengi yanaandikisha wa kudumu peke yao kwa sababu makato yao ya kila mwezi yanapita kwenye peiroli bila usumbufu, kibarua wa siku hana wa kumuongelea. Kama kuna kitu kimoja ningependa viongozi wa COTU wafanye Leba Dei badala ya hotuba ndefu mbele ya rais, ni kufungua kitabu cha wanachama kwa huyo kibarua wa getini, kama kile chama cha mafundi kilivyofanya 1935 kwa watu ambao hakikulazimika kuwafungulia.

Ombi langu lingine ni la Mombasa na Nairobi hasa. Wazee waliokuwepo Kiwanja cha Maskini 1947 au mgomo wa Mei 1950 ni wachache mno sasa, lakini watoto wao wapo, wana sabini na kitu, na kuna mambo waliyasikia nyumbani ambayo hayako kwenye faili za serikali wala kwenye kile kitabu. Nani alipika chakula cha waliogoma? Wanawake wa Majengo walifanya nini hizo siku kumi na mbili? Nani alipeleka habari kutoka Kilindini mpaka Changamwe wakati mfanyakazi wa kawaida hana simu? Kama babu yako alikuwa kuli gatini, au bibi yako alikuwa yaya aliyeacha kazi siku hiyo, muulize mama, muulize mjomba, rekodi kwa simu hata dakika kumi, alafu andika jina lake kamili na mahali alipofanya kazi. Mimi nitaanza na jirani yangu mmoja ambaye baba yake alikuwa dereva wa teksi Nairobi miaka hiyo, ameshakubali nije Jumamosi.